Niombe, Baba Mdogo

Nonouti,
20 Novemba 1994

Mwanangu Tiaon,

Mauri. Barua hii anakuletea padri. Ikichelewa usinilaumu mimi, mlaumu yeye, maana anapitia Abemama kwanza kubatiza watoto wa watu. Sisi huku wazima. Mama yako anasumbuliwa na goti, lakini ulimi wake haujapata kuumwa hata siku moja.

Nimesikia redioni! Walikuwa wanasoma majina ya waliochaguliwa chuo cha mabaharia, kisiwa kwa kisiwa, na mimi nilikuwa juu ya mnazi nagema tembo. Redio ilikuwa chini kwa mama yako. Nikasikia "Nonouti", halafu nikasikia "Tiaon Bwere", na mama yako akapiga yowe kama aliyekanyaga nungunungu wa baharini. Nilishuka mnazi ule sijui nimeshukaje. Tembo lote nilijimwagia mwenyewe, nikanata siku nzima.

Jioni kijiji kizima kilipokutana katika jumba letu la maneaba nikalitaja jambo hilo. Najua kwetu mtu hajisifu mbele za watu, na mimi sikujisifu, nilitaja tu. Sasa ni kosa langu kama wazee walipiga makofi? Mzee Teitia ameshaanza kukutungia wimbo. Unaanza hivi: "Tiaon mtoto wa Bwere ameshika usukani, mawimbi yamemtambua." Vijana wanajifunza kila jioni. Utachezwa mwezi wa saba, siku ya kuezeka upya paa la maneaba yetu.

Mtoto wa jirani Kabuta naye amesoma, amesoma, mwisho wake eti anakwenda kuwa nesi. Mwanaume mzima, mabega kama mlango! Nikamwambia Kabuta, vizuri, nikizeeka nitamwita aje anioshe makalio. Tulicheka mpaka tukasahau kula. Usisafirie nyota ya mwenzio, mwanangu. Sisi nyota yetu ni meli. Mimi nimeshika kamba za meli za Wajerumani, nimeona theluji, nimepigana na Mfilipino kwa sababu ya kijiko, na wewe utaona zaidi yangu.

Msalimie mdogo wangu Toani. Amekulisha na kukulaza nyumbani kwake miaka yote ya sekondari, na mimi sijamlipa hata jani la mkadi. Mwambie aombe lolote kwangu. Sina la kumkatalia.

Ni mimi baba yako,
Bwere


Betio, Tarawa,
11 Desemba 1994

Baba,

Mauri. Barua nimeipata. Namshukuru Mzee Teitia kwa wimbo, ila mwambie asiharakishe, kwa kuwa bado kuna kupimwa afya na mambo mengine madogo madogo. Mtu akipimwa lolote linaweza kutokea.

Huku hatujambo. Baba Mdogo Toani bado anapakua mizigo bandarini. Mwanawe Kaure naye alifanya mtihani ule ule wa mabaharia, lakini jina lake liliwekwa akiba. Kisiwa chetu kikipungukiwa mtu, ni yeye anayefuata. Amenyong'onyea kidogo lakini hasemi kitu.

Baba, hivi watu wote kule wameshaujua huo wimbo?

Mpe mama pole ya goti. Akande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na alale ameweka mto chini yake.

Mwanao,
Tiaon


Betio,
22 Januari 1995

Baba,

Nakuandikia jambo ambalo sijui nilianzie wapi. Sitakwenda chuo cha mabaharia.

Si kwamba nimefukuzwa. Afya nilipimwa nikapita. Ila wiki iliyopita Baba Mdogo Toani aliniketisha mkekani, mama mdogo yupo, Kaure yupo, akanifanyia bubuti. Alisema, "Tiaon, nakuomba nafasi yako, umpe ndugu yako." Alisema waziwazi, mbele za watu. Nami nimekula wali wake tangu nikiwa mdogo, nimelala chini ya chandarua chake. Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba akikuomba ndugu kwa bubuti, jibu ni moja tu. Nikasema ndiyo. Kesho yake nilikwenda chuoni kujitoa, na Kaure akachukuliwa.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Kumebaki nafasi katika chuo cha wauguzi na nimeingia hapo, ili nisikae bure. Ni kitu cha kushikilia tu.

Naomba usimwandikie Baba Mdogo kwa hasira. Na huo wimbo, mwambie Mzee Teitia aupumzishe.

Mwanao,
Tiaon


Nonouti,
19 Februari 1995

Mwanangu,

Nilisoma barua yako mara ya kwanza nikaiweka. Nikaenda kwenye shimo la magimbi ya mababai nikapalilia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nikarudi nikaisoma tena, maneno yalikuwa yale yale.

Kwanza nikuambie wewe. Umefanya sawasawa. Mtu mwingine angelia, angesema baba yangu hataki, angetafuta pa kujificha. Wewe uliombwa ukatoa, na kitu chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko ulivyo. Nimesimama katika maneaba nikaisema habari hiyo ya bubuti, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuuliza kwa nini vijana hawafanyi mazoezi ya wimbo. Mzee Teitia akasema, "Bwere, umezaa mtu." Nililia mbele zao, na sikuona haya.

Sasa nikuambie habari ya Toani. Kuomba kuna kiasi chake. Mtu huomba wavu, huomba nguruwe, huomba mtumbwi akitaka kumkomoa mwenziwe. Haombi maisha ya mtoto. Tena mtoto aliye chini ya paa lake, asiye na baba karibu wa kumwangalia! Nilisema aombe lolote kwangu. Hakuja kwangu, alikwenda kwako, kwa sababu alijua wewe ni mdogo na una adabu. Tangu leo jina lake halitajwi humu ndani. Mama yako amejaribu kulitaja nikaondoka na sahani yangu.

Na hiyo kazi ya wauguzi, vumilia. Tutatafuta njia mwakani. Usimwambie mtu wa huku kwamba uko hapo.

Ni mimi baba yako anayekuheshimu,
Bwere


Chuo cha wauguzi, Bikenibeu,
30 Aprili 1995

Baba,

Nashukuru kwa maneno yako. Hayakunistahili.

Ninaishi bwenini sasa, sipo tena kwa Baba Mdogo. Kazi si mbaya sana. Juzi nimejifunza kusafisha kidonda cha mzee mmoja mwenye kisukari, kidonda kibaya, na kimeanza kupata nyama mpya. Lakini hayo si ya kukuchosha.

Baba, jina la Baba Mdogo lirudishe ndani ya nyumba. Ni ndugu yako. Alikuwa anamwonea huruma mtoto wake, ndiyo maana.

Nasikia atakuja huko mwezi wa saba kuezeka paa. Mpokee vizuri, tafadhali.

Mwanao,
Tiaon


Nonouti,
16 Julai 1995

Mwanangu Tiaon,

Hujambo huko chuoni? Mimi baba yako mdogo ni mzima, isipokuwa naandika barua hii nimevaa suruali ya padri, nayo ni fupi, vifundo vya miguu vimekaa nje kama vya mtoto wa kwaya. Ngoja nikusimulie, ucheke kwanza.

Paa tumeliezeka, ni zuri. Siku ya karamu tukaketi kila ukoo mahali pake, nami nikaketi mahali petu, pembeni ya baba yako. Hakunisogelea wala hakunikimbia, aliketi tu kama aliyeketi karibu na nguzo. Baada ya kula akainuka Kabuta. Akaja mbele yangu, akaketi, akasema kwa adabu zote, "Toani, nakuomba saa yako." Nikaivua nikampa. Hajarudi mahali pake, amekuja mwingine: "Toani, nakuomba viatu vyako." Nikavua. Akaja wa tatu akaomba shati. Hapo nikaelewa. Walikuwa wamepanga. Mtu aliyemwomba mtoto nafasi yake ya shule atakataa kumpa mtu kitu gani? Wakaja mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, wakaomba redio, begi, chandarua, wembe wa kunyolea. Mwisho bibi mmoja asiye na meno akaniomba mswaki! Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, kwa kuwa mswaki wenyewe ulikuwa mpya. Suruali aliiomba mtoto wa Kabuta wa kwanza, yule mnene, na haimwenei. Nikabaki na kikoi cha kuazima.

Hayo yote niliyaweza. Kuna moja halijanitoka. Baba yako hakuniomba kitu. Nilimngoja. Nilimtazama nikasema moyoni, kaka, niombe hata kopo langu la tumbaku, hilo nililificha kwa ajili yako. Hakugeuka. Mtu humwomba nduguye, Tiaon. Asiyekuomba kitu amekwisha kukufuta.

Sikusema neno. Nakuandikia ulijue hilo, usije ukaishi kwa hofu. Siku ile uliponiletea chakula bandarini, tukaketi juu ya magunia ya mchele, ukaniambia, "Baba Mdogo, mimi sitaki meli. Nataka kuwa muuguzi, na baba nitamwambiaje? Niombe nafasi yangu. Niombe kwa bubuti, mbele za watu, nisiweze kukataa." Nakumbuka ulivyokuwa unachambua mchele uliomwagika, punje kwa punje. Nilikwambia huo ni ujinga. Nikaenda nyumbani, nikamwona Kaure amelala amegeukia ukuta, nikaona si ujinga tena. Tamaa yangu na hofu yako vilipeana mikono. Basi na mimi sikuonewa kabisa.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha ni mimi. Nitaizika. Wewe soma.

Baba yako mdogo,
Toani

Kama una suruali usiyoivaa, usinipe. Nimechoka na mambo ya kupeana.


Bikenibeu,
6 Agosti 1995

Baba,

Nimesikia yaliyompata Baba Mdogo kwenye karamu ya paa. Wanasema alirudi Betio na suruali ya padri, na watu bandarini wamempa jina.

Haikuwa haki, Baba. Mgala muue na haki yake mpe. Yeye ni mtu mzima, mdogo wako wa tumbo moja, na alinilea. Kama kuna kosa, basi si lote lake. Mambo mengine mtu wa mbali hawezi kuyajua yalivyokuwa.

Naomba umwandikie hata mistari miwili.

Mwanao,
Tiaon


Nonouti,
27 Agosti 1995

Mwanangu,

Barua yako nimemsomea Mzee Teitia, naye akasema ataongeza ubeti katika wimbo. Ameubadilisha, si wimbo wa baharia tena. Sasa ni wimbo wa kijana aliyetoa usukani wake kwa ndugu yake, akabaki ufukweni, na bado anamwombea msamaha aliyemnyang'anya. Wanawake wakiuimba wanafuta machozi. Jumapili padri ametoa mfano wako kanisani.

Moyo wako ni mzuri kupita kiasi, na ndiyo sababu watu watakula kwako mpaka wakumalize. Mimi si mzuri hivyo. Toani simwandikii. Tulipokuwa wadogo tulilala mkeka mmoja, na akiota vibaya alinishika sikio. Hilo sikio sasa halimsikii.

Mama yako anasema goti limepona kwa maji ya moto na ule mto.

Ni mimi baba yako,
Bwere


Bikenibeu,
17 Septemba 1995

Baba,

Kaa chini, na usimsomee mtu barua hii kabla hujaimaliza.

Baba Mdogo hakuninyang'anya kitu. Mimi ndiye niliyemwomba aniombe. Nilimfuata bandarini kwa miguu yangu, nikampangia maneno, nikampangia mpaka siku na nani awepo. Aliponiketisha mkekani na kusema "nakuomba nafasi yako", nilikuwa nimekwisha kuyasikia maneno hayo kwa sababu ni yangu. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeumia. Mama mdogo akalia. Kaure akanikumbatia, mpaka leo hajui, na ananiandikia kila wiki kunishukuru.

Sitaki meli, Baba, sijapata kuitaka; mtihani niliufanya kwa ajili yako. Kila likizo nikija Nonouti natapika tangu mwamba wa Tarawa mpaka mwamba wa kwetu. Ukinipokea ufukweni unaniuliza mbona nimekonda, nasema chakula cha shule. Tangu nilipompeleka mama mdogo zahanati alipoungua na mafuta, nikaona muuguzi anavyomfungua bandeji bila kumliza, nilijua nataka nini. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa chuo cha wauguzi hata kabla ya kusomwa redioni. Hakukuwa na nafasi iliyobaki, hilo nalo nilikudanganya. Nilitaka kukuambia. Ndipo ikaja barua yako yenye wimbo, na Kabuta, na makalio.

Ningeweza kusema tu "sitaki". Lakini nikisema sitaki, wewe ungepata aibu kwa ajili yangu. Nikiombwa nikatoa, ungepata sifa. Niliona nimegundua mlango. Sikujua kwamba aibu haipotei, inatafuta mtu mwingine wa kumkalia, ikamkalia Baba Mdogo ikamvua mpaka suruali. Naye alinyamaza! Angesema neno moja tu angebaki na viatu vyake.

Nikuambie na lililo baya zaidi. Uliponiandikia kwamba unaniheshimu, niliisoma barua ile nikaifurahia. Nilijua si yangu, na bado niliilalia chini ya mto. Hata mwezi wa nne, nilipokuandikia kwamba maneno yako hayakunistahili, niliandika ili nionekane mnyenyekevu. Sasa padri ananihubiri. Nikifikiri watu wanafuta machozi kwa ajili yangu, nasikia uso unawaka hata nikiwa peke yangu.

Mficha uchi hazai. Mimi nimeuficha wangu kwa nguo za mtu mwingine.

Sina pa kuuweka uso. Fanya unavyoona.

Tiaon


Nonouti,
22 Oktoba 1995

Tiaon,

Mama yako amenipokonya barua mkononi, akaimaliza kabla yangu. Akasema, "Mimi nilijua anatapika. Nilikuwa nafua nguo zake." Basi. Ndani ya nyumba hii mjinga nilikuwa peke yangu.

Nina hasira na wewe. Sitakuficha. Umenifanya nilie mbele ya wazee kwa machozi ya uongo, na machozi yalikuwa yangu ya kweli. Umeacha mdogo wangu avuliwe mbele ya macho yangu, nami nikageuka nikatazama bahari kama mtu mwenye haki. Aliningoja. Nilimwona kwa pembe ya jicho, alikuwa ameshika kopo chini ya mkeka, nikajua ni tumbaku, nikajua ni yangu. Sikumwomba.

Sasa nikilala naona kopo lile.

Lakini nimepanda mnazini asubuhi hii nikakaa huko juu bila kugema, nikajiuliza. Katika visiwa vyetu tunaombana kila kitu. Hata kijiko, hata mtoto wa kulea. Mimi nimeomba vitu vya watu maisha yangu yote. Wewe sikukuuliza kitu. Redio ilitaja jina lako, na kabla jua halijazama nilikuwa nimekwisha kulipeleka maneaba. Ulikuwa na baba wa namna hiyo, ukatafuta mlango wa nyuma. Sisemi ulifanya vyema. Nasema mlango wa mbele nilikuwa nimeukalia mimi.

Kusema kwa wazee sitakusemea. Uliyoyasema kwa siri bandarini uyaseme mchana. Mimi Bwere nakuomba wewe Tiaon, kwa bubuti: uje Krismasi, uketi mahali petu katika maneaba, uyaseme kwa kinywa chako. Jibu unalijua.

Ukitapika njiani, tapika. Nitakupokea nikijua.

Baba yako,
Bwere


Nonouti,
28 Desemba 1995

Baba Mdogo mpendwa,

Mauri. Natumaini umesherehekea Krismasi vizuri na mama mdogo. Mimi nilifika nikiwa kijani kama jani la mbabai. Baba alinipokea ufukweni na ndoo mkononi. Alinipa hiyo ndoo.

Nimesema. Jana, baada ya chakula, watu wote wakiwa wamejaa. Nilidhani nitasema maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga kwenye meli, yakatoka machache. Nilisema, "Toani hakuomba kwa hiari yake. Nilimtuma mimi. Niliogopa." Nikasema kwamba najifunza uuguzi, na kwamba niliutaka. Halafu nikaketi.

Nilitamani wanitukane. Baadaye Kabuta akaivua saa yako akaiweka mbele yake, akaitazama. Unajua kitu kilichoombwa hakirudishwi, ingekuwa kukutukana mara ya pili. Hakujua afanye nini nayo. Bibi wa mswaki akasema kwa sauti, "Mimi nimeshautumia," na hapo ndipo watu walipocheka, lakini hawakunitazama walipokuwa wanacheka.

Mzee Teitia hakucheka. Alisema wimbo umeshajifunzwa na hauwezi kutupwa, ila ule ubeti wa machozi utolewe, na jina libadilishwe. Akawaelekeza vijana pale pale. Wakaimba, "Kaure mtoto wa Toani ameshika usukani, mawimbi yamemtambua." Baba Mdogo, imekaa vizuri kuliko jina langu. Nami sikuweza kuondoka. Wimbo ukiimbwa mahali ulipoketi, unapiga makofi. Nikapiga makofi. Niliupigia makofi wimbo wangu ukiwa na jina la mwingine, mwanzo mpaka mwisho, na waliporudia nikapiga tena. Yule bibi akainuka akaja akanipaka poda shingoni, kama wanavyowapaka wachezaji wanaocheza vizuri. Mpaka sasa sijui alikuwa ananihurumia au ananidhihaki, nami sikumuuliza.

Baba aliimba kuliko wote. Ulipofika mahali pa jina lako naye akalisema. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Sikuandikii ili unisamehe. Sijafikia pa kuomba hilo, na nimekoma kumtengenezea mtu maneno ya kuniambia.

Nakuandikia kwa sababu nimetumwa. Baba yuko nje anajifanya anatengeneza wavu. Hawezi kukuandikia mwenyewe, anaona haya, ameanza karatasi mara kadhaa na zote zimeishia motoni. Amesema niandike hivi hivi, nisiongeze neno: "Toani, nakuomba kopo lako la tumbaku."

Amesema usimpe mtu alilete. Ulilete mwenyewe.

Mwanao,
Tiaon